Marekani na serikali ya Saigon: mbona mwenye hela hakusikilizwa? (Maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Ikitajwa vita ya Vietnam, maswali ni yaleyale kila mara, na mengi yanazunguka jambo moja: taifa lenye nguvu kuliko yote duniani lilishindwaje kuiamrisha serikali ndogo ambayo bila hela zake isingemaliza hata mwaka? Nimeyakusanya hapa. Ukiwa na haraka soma swali la tatu, mengine mengi yanatokea hapo.

## Mambo ya mwanzo

Tunaongelea serikali gani hasa, na kipindi gani?

Vietnam Kusini, makao yake makuu Saigon, kuanzia 1954 hadi 30 Aprili 1975. Mkutano wa Geneva wa 1954 uliigawa Vietnam kwenye latitudo ya 17, kaskazini wakabaki wakomunisti wa Ho Chi Minh, makao yao Hanoi, kusini akaingia Ngo Dinh Diem kama waziri mkuu halafu rais. Diem alipinduliwa na kuuawa Novemba 1963, ikafuata miaka kama miwili ya majenerali kupinduana, mpaka Juni 1965 walipoingia Nguyen Cao Ky na Nguyen Van Thieu, na Thieu akawa rais kuanzia 1967 mpaka siku chache kabla ya mwisho.

Kwa nini wananchi wa kule hawakuipenda serikali yao wenyewe?

Sababu ziko nyingi ila anza na kura. Oktoba 1955 Diem aliitisha kura ya maoni kumuondoa mfalme wa zamani Bao Dai, akatangaziwa ushindi wa asilimia 98.2, na pale Saigon zikahesabiwa kura kama 605,000 wakati waliojiandikisha walikuwa kama 450,000. Inasemekana washauri wa Kimarekani walimwambia asilimia 60 ingetosha kabisa na ingeaminika, hakusikia. Kwa hiyo tatizo la kutosikia halikuanza vita ilipokolea, lilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Halafu familia. Mdogo wake Ngo Dinh Nhu alishika usalama wa taifa, kaka yake Thuc alikuwa askofu mkuu wa Hue, ndugu mwingine aliendesha mikoa ya kati kama shamba lake. Wao Wakatoliki, nchi kwa sehemu kubwa ni ya Wabuda. Tarehe 8 Mei 1963 Wabuda wa Hue walizuiwa kupeperusha bendera ya dini yao siku ya kuzaliwa Buda, wakaandamana, wakapigwa risasi, watu tisa wakafa. Tarehe 11 Juni mtawa mzee Thich Quang Duc akakaa katikati ya makutano ya barabara Saigon, wenzake wakammwagia petroli, akawasha kiberiti mwenyewe, akaungua bila kutikisika, na picha ya Malcolm Browne ikazunguka dunia nzima. Mke wa Nhu akaufananisha moto ule na nyama choma. Serikali ambayo watu wake wanasikia neno kama hilo kutoka ikulu itapendwa vipi?

Na huko vijijini kulikuwa na suala la ardhi, kodi ya mwenye shamba, na mpango wa 1962 wa kuwahamisha wakulima kwenye vijiji vyenye uzio, kuacha makaburi ya wazee wao, mara nyingi bila fidia waliyoahidiwa.

Marekani ndo ilikuwa inalipa karibu kila kitu, mbona Saigon haikutii?

Kwa sababu Saigon ilijua Marekani haiwezi kuondoka. Jibu lote liko hapo.

Marais wa Marekani, kuanzia Eisenhower, Kennedy, Johnson mpaka Nixon, walitangaza hadharani kwamba Vietnam Kusini ikianguka heshima ya Marekani dunia nzima inaanguka nayo. Sasa ukishamwambia mtu mbele ya watu wote kwamba akianguka na wewe unaanguka, huna tena cha kumtishia. Kila dola iliyoongezwa na kila askari aliyeletwa ilionekana Washington kama nguvu zaidi ya kuibana Saigon, lakini kule ikulu ya Saigon ilisomeka kama uthibitisho mwingine kwamba hawa jamaa wameshazama mpaka shingoni. Mwaka 1963 washauri wa kijeshi walikuwa kama 16,000, Aprili 1969 askari walikuwa zaidi ya 540,000, na katika miaka yote hiyo sauti ya Marekani kwa Saigon haikukua kwa kiwango hicho, mi naona ilipungua.

Udhaifu wenyewe uligeuka silaha. Diem na baadaye Thieu walikuwa na jibu moja kwa kila shinikizo: mkinibana sana naanguka, na nikianguka wanaingia wakomunisti. Na halikuwa jibu la uongo, ndo maana lilifanya kazi.

Kwa hiyo Diem na Thieu walikuwa vibaraka au hawakuwa?

Hanoi iliwaita hivyo kila siku, na jina lilishika kwa sababu hela na silaha kweli zilitoka nje. Lakini kibaraka anatii, hawa hawakutii. Walipata hasara ya ukibaraka, yaani kuonekana wametumwa, huku Marekani ikikosa faida yake. Tena wakati mwingine walikaidi makusudi ili wananchi waone kwamba wao ni viongozi wa nchi huru, kwa hiyo kadri balozi alivyopiga kelele ndivyo ilivyokuwa vigumu kwao kukubali.

## Hela, silaha na jeshi

Si wangekata tu misaada?

Walikata, mara moja, na tuone ilikuwaje. Sehemu kubwa ya msaada ilipitia mpango wa kuingiza bidhaa: Marekani inalipa kwa dola mchele, saruji, mbolea, pikipiki, mfanyabiashara wa Saigon anazilipia kwa piasta (hela ya Vietnam Kusini), na zile piasta zinaingia kwenye mfuko wa serikali ambao ndo unalipa mishahara ya askari na makarani. Sasa ukikata hapo humgusi Diem mezani kwake, unapandisha bei sokoni na kumchelewesha mshahara askari aliyeko mstari wa mbele, yule yule unayemtaka apigane.

Oktoba 1963 Kennedy alisimamisha sehemu ya mpango huo pamoja na hela za kikosi maalumu cha kanali Tung, kikosi kilichovamia mapagoda (mahekalu ya Wabuda) mwezi Agosti. Diem hakubadilika kivile. Waliobadilika ni majenerali, maana waliisoma kama ishara kwamba Marekani imemchoka (angalia swali la mapinduzi hapo chini). Presha iliyokusudiwa kurekebisha serikali ikaishia kuimaliza kabisa.

Rushwa na askari hewa je, hawakuviona?

Waliviona sana. Makamanda walichukua mishahara ya watu waliokufa, waliotoroka au ambao hawakuwahi kuwepo, vyeo vya ukuu wa mkoa vilinunuliwa, na aliyenunua lazima arudishe hela yake kutoka kwa wananchi. Mpango wa CORDS, mpango wa Kimarekani wa kutuliza vijiji ulioanza 1967 chini ya Robert Komer, ulikuwa unaandaa mafaili ya maofisa wabovu na kuyapeleka juu ili waondolewe, na wapo kweli walioondolewa.

Ila watu wengi hawaelewi kitu kimoja: kwa Thieu rushwa ilikuwa ndo utawala wenyewe. Hakuwa na chama chenye mizizi, hakuwa na kabila wala dini ya kumbeba, alikuwa na majenerali wanne wa kanda za kijeshi na wakuu wa mikoa ambao walimtii kwa sababu amewapa sehemu ya kula. Ukimwambia amfukuze jenerali mla rushwa unamwambia afukuze anayemlinda asipinduliwe. Kwa hesabu zake mapinduzi yalikuwa hatari ya kesho asubuhi, Vietkong (wapiganaji wa kikomunisti wa Kusini) hatari ya mwakani.

Kwani hofu ya mapinduzi iliathiri hata mapigano?

Sana. Mfano mzuri ni Ap Bac, 2 Januari 1963, kwenye mashamba ya mpunga kusini magharibi ya Saigon. Wapiganaji wa Vietkong walikuwa kama 350, jeshi la serikali zaidi ya 1,000 likiwa na magari ya deraya M113, mizinga, ndege na helikopta za Kimarekani. Helikopta tano zikaanguka, Wamarekani watatu wakafa, na kamanda wa deraya akaambiwa asogee hakusogea kwa masaa, huku mshauri wa Kimarekani, John Paul Vann, akizunguka juu na ndege ndogo akipiga kelele kwenye redio. Kelele ndo kitu pekee alichokuwa nacho. Hakuwa na mamlaka ya kumuamrisha hata luteni wa jeshi lile, alikuwa mshauri tu, na makamanda walijua Diem hapendi hasara, kwa sababu askari waliokufa porini ni askari ambao hawatakuwepo kulinda ikulu. Usiku wale wapiganaji wakaondoka zao.

Mbona hawakuliweka jeshi la Kusini chini ya jenerali Mmarekani kama Korea?

Korea, Julai 1950, rais Syngman Rhee mwenyewe alimkabidhi MacArthur majeshi yake. Vietnam wazo lilikuja 1965, jenerali Westmoreland, kamanda wa majeshi ya Marekani kule, akaliacha, Saigon nayo haikulitaka. Nchi ilikuwa imetoka tu kwenye mikono ya Wafaransa, na mzungu kuamrisha jeshi lote kungewapa Vietkong hoja bora kuliko bunduki yoyote. Nadhani hapo Westmoreland alikuwa sahihi, japo gharama yake ni kwamba yalipigana majeshi mawili kwenye vita moja na kila moja lina bosi wake.

## Kumtoa mtu

Marekani ndo iliyompindua Diem?

Waliopindua ni majenerali wa Vietnam wakiongozwa na Duong Van Minh, lakini Marekani ilijua, iliwapa moyo na haikuwazuia. Tarehe 24 Agosti 1963, siku tatu baada ya mapagoda kuvamiwa, Washington ilimtumia balozi mpya Henry Cabot Lodge telegramu kwamba Diem apewe nafasi ya kumuondoa Nhu, na akikaidi basi Diem mwenyewe huenda asilindwe tena. Ilitumwa Jumamosi wakati wakubwa wengi wako nje ya mji, na Jumatatu waliporudi wakaanza kugombana kuhusu nani aliidhinisha nini.

Tarehe 1 Novemba ofisa wa CIA, Lucien Conein, alikuwa makao makuu ya waasi akiwa na begi la hela. Kama saa kumi na nusu jioni Diem akampigia simu Lodge kuuliza msimamo wa Marekani ni upi. Lodge akamjibu kwamba Washington saa hizo ni alfajiri, serikali yake haiwezi kuwa na msimamo, akaongeza kwamba ana wasiwasi na usalama wake. Miaka tisa ya urafiki ikaishia kwenye jibu la majira ya saa. Kesho yake Diem na Nhu walikutwa Cholon, wakapakiwa kwenye deraya mikono imefungwa, wakauawa humo ndani. Kennedy alishtuka sana, na yeye mwenyewe aliuawa wiki tatu baadaye.

Kumtoa Diem kulisaidia?

Hapana, na hili ndo funzo walilolipata kwa bei kubwa. Kabla ya Novemba 1963 Marekani ingeweza kusema hii ni serikali yao, watajua wenyewe, na Kennedy alikuwa ameshasema hivyo kwenye televisheni mwezi Septemba, kwamba vita ni yao na wao ndo wa kuishinda au kuishindwa. Baada ya kushiriki kumtoa, kila aliyekuja alikuwa kwa namna fulani mtu wa Marekani, na Marekani ikajifunga zaidi. Januari 1964 Nguyen Khanh akampindua Minh, na kutoka hapo ikawa mapinduzi na majaribio ya mapinduzi hata huwezi kuyafuatilia.

Kuna stori balozi aliwagombeza majenerali kama watoto wa shule, ni kweli?

Ni kweli, Desemba 1964. Maxwell Taylor, balozi na jenerali mstaafu, alikuwa amewaambia kwenye chakula cha usiku nyumbani kwa Westmoreland kwamba Marekani imechoka na mapinduzi. Muda si mrefu vijana wa jeshi, akina Ky na Thieu, wakalivunja baraza la kiraia na kukamata watu. Taylor akawaita ofisini, akawauliza kama wanaelewa Kiingereza, akawaambia wameharibu kila kitu.

Unafikiri walitetemeka? Khanh akamgeuzia kibao, akaanza kumsema Taylor kwenye magazeti, ukazuka mjadala wa kumtangaza balozi hatakiwi nchini. Miezi michache baadaye, Machi 1965, wanamaji wa Marekani wakashuka Da Nang. Yani waliogombezwa kwa mapinduzi ndo waliopata majeshi.

## Mazungumzo ya amani

Ni kweli Thieu aliyakwamisha mazungumzo ya 1968?

Aliyachelewesha, na kwa wakati mbaya kabisa kwa Johnson. Tarehe 31 Oktoba 1968 Johnson alitangaza kusimamisha mabomu Kaskazini ili mazungumzo mapana yaanze Paris. Tarehe 2 Novemba Thieu akasimama bungeni Saigon akasema haendi. Tarehe 5 Novemba Wamarekani wakapiga kura, Nixon akamshinda Humphrey, makamu wa Johnson, kwa tofauti isiyofika asilimia moja ya kura.

Watu wa Nixon walikuwa wanamtumia Thieu ujumbe kupitia Anna Chennault, mchangishaji wa fedha za chama cha Nixon, kwamba avumilie, atapata dili bora kwa Nixon, na Johnson alijua kwa sababu simu zilisikilizwa. Mimi naona Thieu angekataa hata bila Chennault, maana kukaa meza moja na Vietkong kulimtisha kweli. Ila angalia ukubwa wa jambo lenyewe: kiongozi wa nchi inayolipiwa kila kitu anagusa uchaguzi wa anayemlipia.

Na 1972 ilikuwaje?

Asiyekuwepo na lake halipo, na Thieu hakuwepo. Kissinger, mshauri wa Nixon, alijadiliana kwa siri na Le Duc Tho wa Hanoi, wakakubaliana, halafu Oktoba 1972 akaenda Saigon na rasimu kana kwamba imebaki sahihi tu. Rasimu iliwaacha askari wa Kaskazini, zaidi ya 100,000, palepale walipo ndani ya Kusini. Thieu akakasirika mpaka machozi, akakataa, akadai mabadiliko 69. Tarehe 26 Oktoba Kissinger akawaambia waandishi kwamba amani iko mkononi, na haikuwepo.

Na hapa lazima niseme, Thieu alikuwa na haki ya kukasirika. Mabishano yake mengi na Marekani yalikuwa ya kulinda kiti, ila hili lilihusu uhai wa nchi, na historia ilimpa haki ndani ya miaka mitatu tu.

Sasa nini kilimfanya asaini?

Vitisho na ahadi kwa pamoja. Baada ya mabomu ya Desemba 1972 juu ya Hanoi na Haiphong, Nixon alimwandikia Thieu katikati ya Januari 1973 kwamba yeye atasaini hata akiwa peke yake, na atamueleza kila mtu kwamba Thieu ndo kikwazo, na msaada utakatika. Mkataba ukasainiwa Paris 27 Januari 1973. Safari hii tishio liliaminika kwa sababu Marekani ilikuwa kweli inaondoka na wote wanaona. Nguvu ya kumbana ikarudi siku ambayo hakukuwa na cha kujenga tena.

Ahadi nazo zilikuwa kwenye barua za siri, kwamba Kaskazini wakivunja mkataba Marekani itajibu kwa nguvu zote. Kongresi haikuonyeshwa. Kongresi ikapiga marufuku mabomu Indochina yote kuanzia Agosti 1973, Agosti 1974 Nixon akajiuzulu, Aprili 1975 mrithi wake Ford akaomba dola milioni 722 za dharura akanyimwa. Thieu alibaki na barua.

## Maswali ya pembeni

Hakuna hata mara moja presha ilizaa kitu kizuri?

Ipo. Juni 1966 Saigon ilishusha thamani ya piasta kutoka 60 hadi 118 kwa dola, baada ya kubanwa sana. Katiba na uchaguzi wa 1967 navyo vilitokana kwa sehemu na presha ya Washington, ingawa Thieu alipata kama asilimia 35 tu na mgombea wa pili, Truong Dinh Dzu, aliishia jela. La maana kuliko yote ni sheria ya ardhi kwa mkulima ya Machi 1970, iliyowapa wapangaji mashamba bure huku wamiliki wakilipwa fidia, kwa hela za Marekani kwa sehemu kubwa. Ilifanya kazi kweli huko delta ya Mekong. Thieu aliikubali kwa sababu alishaona na yeye itamjenga, na hapo ndo tofauti, maana presha ilifaa pale ilipomsukuma mtu upande aliokuwa ameshaanza kuuangalia. Ingekuja 1955 sijui tungekuwa tunaongelea nini leo.

Kaskazini nao si walitegemea Urusi na China?

Ndiyo, na wao pia hawakusikiliza kirahisi. Geneva 1954 China na Urusi ziliwabana wakubali kugawanywa nchi, Hanoi haikusahau. Baadaye wakubwa hao wawili walipogombana Hanoi ikachukua kwa huyu na kwa yule. Mwaka 1972 Nixon alikwenda Beijing Februari na Moscow Mei, akitumaini wataibana Hanoi, lakini katikati ya safari hizo mbili, 30 Machi, Hanoi ilianzisha shambulio kubwa kabisa.

Ni Vietnam tu au kuna kwingine?

Kwingine kupo tele. China 1944, Roosevelt alitaka jenerali Stilwell apewe majeshi ya China, Chiang Kai-shek akakataa na Stilwell ndiye akarudishwa kwao. Korea, Juni 1953, Rhee aliwaachia wafungwa kama 27,000 ili kuvuruga usitishaji vita, hakuusaini kabisa, na bado akapata mkataba wa ulinzi. Afghanistan, rais Karzai alikataa kusaini mkataba wa usalama 2013, halafu Februari 2020 Marekani ikasaini na Taliban kule Doha bila serikali ya Kabul kuwepo mezani, mpaka kuahidi wafungwa 5,000 ambao walikuwa jela za Kabul. Ukisoma jibu la 1972 hapo juu utaona ni njia ileile.

Sisi Afrika Mashariki inatuhusu nini?

Tulishaona upande wa pili wa mambo haya ya misaada. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi Tanzania kwa sababu Ujerumani Mashariki iliruhusiwa ubalozi mdogo Dar es Salaam, na Nyerere akawaambia basi chukueni na msaada mwingine wa serikali uliobaki. Hakukuwa na vita hapo, na Bonn (serikali ya Ujerumani Magharibi) haikuwa imejifunga kwetu kama Marekani kwa Saigon. Pande zote mbili ziliweza kuachana, kwa hiyo zikaachana.

Thieu aliishia wapi?

Alijiuzulu 21 Aprili 1975 kwa hotuba ndefu ya kuilaumu Marekani, akaenda Taiwan, baadaye Uingereza, mwisho akahamia Marekani yenyewe. Alifariki Boston mwaka 2001.